Maswali yenu: Msingoje Mei kumshukuru mama

Shikamoo shangazi. Siku ya Mama inakaribia, nimnunulie mama yangu nini? Yupo kijijini. (Mbagala)

Marahaba. Kila ikifika Aprili naletewa swali hili, na jibu langu halijabadilika: muulize mwenyewe. Siku hiyo huwa Jumapili ya pili ya Mei, sawa, lakini magoti yanamuuma Februari na sukari inamwishia Septemba. Mtumie anachohitaji mwezi anaokihitaji, na umpigie siku ambayo huna shida wala taarifa ya msiba. Mkisha kubandika picha yake mtandaoni na maneno matamu, kumbukeni kuwa mama mwenye kitochi hayaoni. Mwambie kwa sauti yako.

Dada wa kazi niliyekaa naye miaka minne ameondoka ghafla. Nilikuwa nampa nguo zangu, hata simu nilimpa. Mbona watu hawana shukrani? (Tabora)

Hukuandika alilipwa kiasi gani wala mara ya mwisho alikwenda kwao lini. Barua za namna hii nazipata nyingi, na hayo mawili karibu zote huyaruka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka na saa 24 za mapumziko kila wiki. Dada ni mfanyakazi kama wewe unayekwenda ofisini. Nguo ulizochoka kuzivaa hazifuti mshahara uliocheleweshwa. Deni lilipwe kwanza, shukrani ije juu yake.

Na hiyo shukrani ina mahali pake. Mgeni anaisifia pilau, mwenye nyumba anaitikia "karibu tena", na aliyechambua mchele na kukaanga vitunguu mpaka vikaiva rangi amesimama pembeni na birika na beseni la kunawisha, hatajwi. Mtaje kwa jina: "Hii kapika Asha." Mpe sahani yake chakula kikiwa bado cha moto, asiachiwe ukoko. Watoto wako wanatazama, na wasiposikia dada akiambiwa asante, wataamrisha kila anayewatumikia, nawe uzeeni utakuwamo.

Mtafute. Mlipe kilichobaki, umweleze unavyothamini alivyokulelea mtoto. Asipotaka kurudi, hiyo ni haki yake.

Nikimshukuru fundi wangu wa nguo si atapandisha bei? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. (Tanga)

Methali hiyo inamkanya mgema, haikupi wewe ruhusa ya kununa. Mlipe siku ile ile anayokukabidhi nguo, mshukuru, mpelekee wateja.

Asante bila pesa ni shukrani? (Morogoro)

Ndiyo. Ila kama unacho, na aliyekufaa analala njaa, usimwachie maneno matupu.

Nilimsomesha mdogo wangu, sasa ana kazi nzuri na hanikumbuki. Nimkumbushe vipi? (Dodoma)

Usimkumbushe kabisa, hasa mbele za watu. Hayo ni masimango, na undugu mwingi nimeuona ukifia hapo. Kama una shida, iseme kama shida: "Mdogo wangu, nimekwama kodi ya nyumba, nisaidie." Ada uliyolipa usiitaje. Nawe je, aliyekupokea mjini ulipofika na begi moja, mara ya mwisho ulimjulia hali lini? Mpigie leo, na mdogo wako akusikie ukimsimulia habari zake.

Baba mdogo aliyenisomesha hadi kidato cha sita amefariki mwezi uliopita. Nataka nimfanyie arobaini kubwa, ndugu wanasema najionyesha. (Kondoa)

Pole sana, mwanangu. Sidhani kama unajionyesha. Nadhani una maneno ambayo hukuwahi kumwambia, na hilo linauma.

Lakini nitakueleza linaloniumiza katika familia zetu. Mtu akifa, kamati inaundwa jioni hiyo hiyo, michango inamiminika, turubai, mpiga video, fulana zenye picha ya marehemu. Marehemu huyo huyo alipougua, simu zilikuwa hazipokelewi, na vidonge vya presha alikuwa anakunywa kimoja kwa siku mbili ili vifike mwisho wa mwezi. Kwa nini kamati haikai mgonjwa akiwa bado anatuona? Nawaomba wote mnaosoma, itisheni kikao cha matibabu kwa uzito ule ule mnaoitishia cha mazishi.

Wewe soma dua, pika chakula cha kuwatosha waliokuja, basi. Fedha ya turubai la pili na mpiga video mkatie mama mdogo bima ya afya. Alibana matumizi ya nyumba yake ili ada yako itoke, na yeye yupo hai. Mwambie hivyo hivyo unapompelekea kadi. Ndugu wakiuliza kwa nini arobaini imekuwa ndogo, waonyeshe kadi hiyo na uwaombe wachangie ya mwakani.