Siagi au majarini ukitaka kupungua? Tazama kisu kabla ya mkebe

Ukiingia dukani Nakuru au Kisumu uombe siagi, mara nyingi utapewa majarini, na hakuna atakayeona kosa. Wengine huita kila kitu cha manjano cha kupaka mkate Blue Band, hata mkebe ukiwa na jina jingine kabisa. Katika maongezi haina neno. Lakini mtu anayepunguza uzito anapaswa kujua ameshika nini mkononi, kwa sababu jina hilo moja linabeba vitu vitatu tofauti.

Kuna siagi yenyewe, ya maziwa. Krimu husukwa mpaka matone ya mafuta yashikane na maji mengi yatoke. Kinachobaki ni mafuta asilimia 80 hadi 82, maji kama asilimia 16, na mabaki kidogo ya maziwa. Ile ya chumvi ina chumvi juu yake. Kuna majarini kamili: mafuta ya mimea, hapa kwetu hasa ya mawese, yaliyopigwa pamoja na maji hadi yakashikana, kisha yakatiwa rangi, ladha na vitamini A. Nayo ina mafuta asilimia 80. Halafu kuna ile nyepesi, yenye mafuta asilimia 40 hadi 60, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Hiyo lebo yake huandikwa "fat spread" badala ya "margarine", kwa maandishi madogo ambayo wengi huyapita.

Sasa piga hesabu. Gramu 10 za siagi zina kalori 72 hivi. Gramu 10 za majarini kamili zina kalori 72 hivi vilevile. Gramu 10 za ile nyepesi ya asilimia 40 zina kalori 36. Kwa hiyo anayeacha siagi akahamia majarini kamili ili apungue, mwili wake hautahisi mabadiliko yoyote. Mafuta ni mafuta: kila gramu moja hutoa kalori 9, yawe yametoka kwa ng'ombe wa Molo au kwa mchikichi. Tofauti kati ya hizo mbili ipo, tena ni kubwa, ila inahusu moyo na mishipa. Nitaifikia.

Kinachoamua kilo zako ni unene wa tabaka kwenye mkate, na hapo hali ya hewa ina usemi kuliko watu wanavyofikiri. Nakuru ipo juu, mita 1,850 hivi, na asubuhi ya Julai siagi huwa ngumu kama sabuni ya kipande. Ukiipaka ikiwa hivyo, kisu hakitelezi, kinachimba. Mkate unachanika, unabaki na mabonge yaliyokwama huku na kule, na kipande kimoja kinaweza kubeba gramu 15 au 20 kabla hujaridhika kwamba umepaka kote. Kisumu mambo hugeuka. Saa sita mchana joto linafika nyuzi 30, siagi inalegea, na ikigusa mkate uliopashwa moto inazama ndani mara moja. Jicho halioni kitu juu, mkono unarudi kwenye mkebe. Miji miwili, sababu mbili, na wote wawili wamekula mara mbili ya walichokusudia.

Dawa ni ndogo. Nakuru, kata kiasi cha asubuhi hiyo tu, kiweke kwenye kisahani dakika 20 kabla ya kula, au weka kisahani juu ya kikombe cha chai ya moto kwa dakika moja. Kisumu, fanya kinyume: acha mkate upoe kwanza, paka siagi ikiwa imetoka kwenye friji muda mfupi uliopita, na ukishapaka rudisha mkebe mahali pake kabla ya kuketi. Mkebe ukibaki mezani utafunguliwa tena. Hilo hutokea kila nyumba.

Kupima usikuogopeshe. Kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu kina gramu 5, kalori 36. Kijiko kikubwa kilichosawazishwa kina gramu 14, kalori 100. Neno "kilichosawazishwa" ndilo lenye uzito hapa, maana kijiko kidogo kilichorundikwa hufika gramu 10 kwa urahisi. Ukinunua siagi ya gramu 250 ya mche, usiikate kwa kukisia kila asubuhi. Ikate siku hiyohiyo ya kununua: gawa mche kuwa sehemu tano sawa, kila sehemu ni gramu 50, kisha kila sehemu igawe mara tano tena. Utapata vipande 25 vya gramu 10. Vifunge kwa karatasi ya siagi, viweke kwenye friza, na kila jioni toa kimoja cha kesho. Kipande kikiisha, siku imeisha.

Kwa majarini ya mkebe, andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya kifuniko. Ukiisha, gawanya. Mkebe wa gramu 500 uliotumiwa na watu wanne kwa siku 9 ni gramu 500 kugawa 36, yaani karibu gramu 14 kwa mtu kwa siku, kalori 100 kila mmoja. Hesabu hiyo haibembelezi mtu. Wanaoapa kwamba "mimi hupaka kidogo tu" huwa hawajawahi kuifanya.

Kuna jambo moja linaloharibu hesabu yote hii, nalo ni majarini ya kupimiwa, ile inayochotwa kutoka kwenye ndoo kubwa na kufungwa kwa karatasi. Ni rahisi mfukoni na sielewi kwa nini mtu adharauliwe kwa kuinunua. Shida ni kwamba haina lebo. Huwezi kujua kama ni ya kupaka, ni nyepesi, au ni ile ngumu ya kuokea keki na mikate. Kama ndiyo unayoweza kununua, muombe muuzaji akuonyeshe maandishi ya ndoo mara moja, uyasome au uyapige picha. Angalia pia kama ndoo ina kifuniko. Majarini iliyokaa wazi huvuta harufu ya sabuni na mafuta ya taa yaliyo karibu, na ikiyeyuka na kuganda tena hufanya chengachenga na kutoa maji pembeni.

Mwenye lebo asome mistari mitatu tu. Wa kwanza ni jumla ya mafuta kwa gramu 100: 80 ni kamili, 40 ni nyepesi. Wa pili ni "saturated", yale mafuta yanayoganda. Wa tatu ni orodha ya viungo: ukiona "partially hydrogenated", rudisha mkebe kwenye rafu. Hayo ni mafuta ya maji yaliyogandishwa kwa haidrojeni nusunusu, na njia hiyo huzaa mafuta ya trans, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani linataka mafuta ya trans yasizidi gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta ya chakula. Lebo ikiandika nishati kwa kilojuli, gawa kwa 4.2 upate kalori.

Sasa huo upande wa moyo. Karibu nusu ya uzito wa siagi ni mafuta yanayoganda: gramu 10 zina gramu 5 za aina hiyo. Ushauri wa kawaida ni kwamba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kalori 1,500 ili apungue, hiyo ni kama gramu 16 tu. Vijiko vikubwa viwili vya siagi vinamaliza gramu 14, kabla hujagusa maziwa, nyama wala chapati. Majarini iliyotengenezwa kwa alizeti au soya ni nafuu sana kwa upande huo. Lakini tuwe wakweli kuhusu zinazouzwa hapa. Majarini inayosimama wima kwenye rafu ya duka la Kondele, Kisumu, bila friji, mchana wa joto, haiwezi kuwa ya alizeti tupu, ingekuwa uji. Kilichoishikilia ni mawese, na nusu ya mafuta ya mawese ni yaleyale yanayoganda. Bado iko chini ya siagi, ila pengo si pana kama matangazo ya ng'ambo yanavyolieleza. Kadiri mkebe unavyokuwa laini ukiwa baridi, ndivyo mafuta yake yalivyo mema kwa mishipa.

Kwa hiyo uchaguzi wangu kwa anayepunguza uzito ni huu. Mkate ni wa kila siku? Chukua ile nyepesi ya asilimia 40, gramu 10, uitumie kupaka peke yake. Unapenda ladha ya siagi kiasi kwamba nyingine haikuridhishi? Basi kula siagi, gramu 5, na usihisi hatia. Kidogo cha unachokipenda hushibisha kuliko kingi cha usichokitaka. Mwenye kolesteroli ya juu, kisukari au shinikizo la damu aelekee kwenye majarini laini au mafuta ya maji, na kiasi akipange na daktari wake.

Hiyo nyepesi usiipeleke jikoni. Zaidi ya nusu yake ni maji, ukiitia kwenye kikaango itarukaruka, itakuunguza mkono, kisha yai litashika chini. Kwenye keki ndiyo kabisa, maji yanazidi na keki inashuka katikati.

Tena jikoni ndiko kalori nyingi zilikojificha, kuliko kwenye mkate. Chukua chapati. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati 15 hivi, na kila moja ina kalori 240 za unga pekee. Ukipaka kijiko kidogo cha mafuta kila upande juu ya moto, umeongeza kalori 80, na kama uliikunja kwa majarini ili iwe na tabaka, ongeza nyingine. Chapati mbili zinafikia kalori 650 au 700 kabla ya dengu.

Unaweza kuishusha bila kuifanya kigogo. Mafuta yaingie kwenye unga badala ya kwenye kikaango: vijiko vikubwa vitatu kwa kilo moja, chumvi, na maji ya uvuguvugu kama mililita 600 hadi 650. Kanda dakika 10, funika, acha unga upumzike dakika 40. Usikate muda huu, ndio unaolainisha. Kikaango kiwe moto vya kutosha, kiasi kwamba tone la maji linaruka na kutoweka. Choma chapati kavu pande zote mbili, kisha pitisha nusu kijiko kidogo cha mafuta upande mmoja mwishoni. Zipange kwenye sahani na kuzifunika kwa kitambaa safi kila moja inapotoka, mvuke wake ndio utakaozilainisha. Zikiwa ngumu, ujue unga ulikuwa mkavu au moto ulikuwa mdogo na chapati ikakaa juu ya chuma muda mrefu. Kosa halikuwa la mafuta. Kila chapati hapo inabeba kama gramu 5 za mafuta, kalori 45.

Mboga nazo hazihitaji kuogelea. Vijiko vikubwa vitatu vya mafuta vinatosha sufuria ya sukuma ya watu watano. Vipime kwa kijiko, usiinamishe jerikani. Mrenda haudai mafuta hata tone, wapishi wa Kakamega na Vihiga wanaupika kwa munyu, ile chumvi ya majivu ya mimea, tangu zamani. Managu na saga zinapendeza zaidi zikichemshwa, zikatiwa maziwa kidogo, kisha kijiko kidogo cha samli mwishoni. Samli ni mafuta matupu, kalori 900 kwa gramu 100, lakini harufu yake ni kali kiasi kwamba gramu 4 au 5 kwenye sahani zinasikika. Wala usiondoe mafuta yote. Vitamini A, D, E na K huingia mwilini pamoja na mafuta, na sahani ya mboga za majani bila tone lolote inapoteza sehemu ya faida yake.

Mkate wenyewe una njia nyingine. Parachichi la Kisii lililoiva, gramu 30 zilizopondwa kwa uma na chumvi na ndimu, lina kalori 48 na hufunika kipande kizima kwa unene unaoonekana. Siagi ya njugu ina protini, lakini ni nzito: kijiko kikubwa kimoja ni kalori 95, basi nayo ipimwe. Vipande viwili vya mkate, kijiko kikubwa cha majarini kila kimoja, na chai ya maziwa ya vijiko viwili vya sukari ni kama kalori 480, na saa nne njaa imesharudi. Mkate uleule, gramu 5 za majarini kwa vyote viwili, yai moja la kuchemsha na chai ileile bila sukari ni kalori 355, na yai litakufikisha saa sita.

Watoto waache nje ya mpango huu. Mtoto chini ya miaka miwili anahitaji mafuta ili akue na ubongo wake ujengeke, na hata wakubwa wao hawapaswi kulishwa ile nyepesi kwa sababu mama au baba anapungua. Nunua mikebe miwili, uandike majina juu ya vifuniko, na wako uwe ule mdogo.