Maswali ya Wasomaji: Mama mkwe amekataa nyumba ya mabati

SWALI: Mhariri mpendwa, tunaishi karibu na mji wa Pakwach, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwaka jana mume wangu na ndugu zake walimjengea mama yao, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, nyumba ya matofali iliyoezekwa kwa mabati ili aondoke katika nyumba yake ya nyasi. Tangu jua la Januari lianze kuwaka, mama analala uani juu ya mkeka, na mchana hurudi katika nyumba ya zamani, jambo linalomuudhi mume wangu kwa kuwa anaona watu watasema hatumtunzi. Juma lililopita alishikwa na kizunguzungu akaketi chini ghafla kisimani. Nami nina mtoto wa miezi 4, na majirani wananihimiza nimpe maji kwa sababu ya joto hili. Tufanye nini? — Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, mkweo ana haki, na ningependa mumeo asome jibu hili mwenyewe. Nyumba mliyomjengea ni ya heshima. Lakini bati ni chuma chembamba: likipigwa na jua la asubuhi hupata moto upesi na kuushusha juu ya vichwa vya waliomo, hasa pasipo na dari. Nyasi zilizoezekwa kwa unene hushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto lisipenye. Matofali ya kuchoma nayo hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Saa tatu usiku weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi wa chumba cha mama, kisha ukaguse ukuta wa nyumba yake ya zamani, nawe utaelewa kwa nini anachukua mkeka wake na kutoka.

Huko kwenu jambo hili ni zito kuliko kwa wakazi wa Kampala, mji ulio takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa maana bonde la Nile mnamoishi liko karibu nusu ya kimo hicho, na kadiri mahali palivyo chini ndivyo joto linavyozidi. Majirani zetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule mwezi Machi 2024 kwa kuwa joto lilitazamiwa kufika nyuzi 45. Hata hivyo, kinachomdhoofisha mzee si adhuhuri peke yake, bali ni usiku usiopoa, kwa sababu mwili uliochemka mchana unahitaji saa hizo ili upumzike. Mtu mwenye umri wa mama hutoa jasho kidogo kuliko kijana, na kiu humjia kwa kuchelewa. Kwa hiyo msisubiri aombe maji, bali mpelekeeni kikombe kila baada ya muda mfupi, na maji ya mtungi yanatosha kabisa, kwani mtungi wa udongo hupoza maji kwa unyevu unaopita kwenye kuta zake na kukauka nje. Kwa ajili ya kile kizunguzungu, mpelekeni kituo cha afya apimwe, na kama anatumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile zinazomfanya akojoe sana, mhudumu aelezwe. Msimwachishe dawa kwa uamuzi wenu.

Basi mwacheni alale katika nyumba yake ya nyasi msimu huu, mkiikarabati vizuri na kumtundikia chandarua chenye dawa, ambacho hata anapolala uani hapaswi kukikosa. Hiyo ndiyo heshima anayoihitaji sasa. Nyumba ya mabati itengenezwe polepole: wekeni dari, hata ya mikeka ya matete, acheni matundu chini ya paa ili hewa ya moto itoke, pakeni mabati rangi nyeupe, ambayo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Mvua zikianza, pandeni mwembe au mwarobaini upande wa magharibi. Madirisha yafungwe jua linapokuwa kali na kufunguliwa jua likitua, na jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe.

Kuhusu mtoto, usimpe maji. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa ni maji, na mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji kitu kingine hata wakati wa joto kali. Maji ya kisima yanaweza kumletea kuhara, na kuhara humkausha mtoto upesi kuliko jua. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe unywe maji ya kutosha. Mvue nguo nzito, umfute kwa kitambaa chenye maji, na ukimbeba mgongoni usimfunike kichwa kwa leso nzito. Mwili wake ukiendelea kuwa wa moto, usiseme ni jua tu: mpeleke apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Iwapo mama au mtu yeyote atakuwa na mwili wa moto sana, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, au akazimia, hiyo ni hatari ya kufa. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma wakati usafiri unatafutwa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, na panadol haiwezi kushusha joto la namna hiyo.

SWALI: Nina duka mjini Gulu, na mchana ninawasha feni moja kwa moja. Je, inatosha? — Mwenye duka

JIBU: Feni haipoozi hewa, inakausha jasho, na jasho likikauka ndipo mwili hupoa. Kwa hiyo lowesha shingo na mikono mara kwa mara unapokaa mbele yake. Hewa ikizidi nyuzi 40, izime, kwa sababu wakati huo inakupulizia joto lililozidi la mwili wako. Funga duka saa saba hadi saa tisa, ukae chini ya mti.