Maswali Yenu: Mshairi mhamiaji anaposoma kwa sauti

SWALI: Nilikwenda kumsikiliza mshairi aliyehamia ugenini. Kila shairi alilisoma kwanza kwa lugha yake ya kuzaliwa, kisha mwenzake akasoma tafsiri. Tulikuwa tumepewa tafsiri hizo kwenye karatasi, nami nikawa nazifuata huku anasoma. Nilitoka bila kubaki na kitu. Nilikosea wapi?

JIBU: Kwenye karatasi. Jicho likishaanza kusoma, sikio hulala. Ipitie tafsiri mara moja kabla hajaanza, ujue shairi linahusu nini, halafu ifunike mapajani. Anza kufuata pumzi zake: anapumua mwisho wa mshororo, au anaukata katikati? Kisha tega vina. Sauti ileile ikirudi mara ya tatu mahali palepale, umeshaushika ubeti hata kama hujui maana ya neno moja.

Kinachowapoteza wengi ni mkazo. Sikio la Mswahili hungoja silabi ya pili kutoka mwisho: ka-LA-mu, sha-I-ri. Kipolandi nacho kwa kawaida hukaza hapohapo, kwa hiyo ukimsikia kwenye rekodi mshairi Czesław Miłosz, aliyeishi California miaka mingi akiandika kwa Kipolandi, mwendo hautakuwa mgeni sana kwako. Kicheki hukaza silabi ya kwanza. Kirusi hubadilika neno hadi neno.

Pia usitarajie sauti ya mazungumzo. Joseph Brodsky, aliyefukuzwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1972 akahamia Marekani, alighani mashairi yake kwa sauti iliyokaribia wimbo. Sisi tunalo neno hilo, kughani, na anayelijua hatashtuka. Asiyelijua hudhani mshairi anatia chumvi, kumbe ndivyo alivyofunzwa shairi lisikike.

Tafsiri ikisomwa, vina vingi huwa vimeshapotea, maana watafsiri wengi huacha vina ili kuokoa picha. Brodsky alilipinga hilo kwa nguvu, akitaka mizani na vina vibaki. Kwa msikilizaji tunadhani alikuwa na haki: ulichokishika kwa sikio dakika moja iliyopita unakitafuta tena, na kutokikuta kunauma. Mshairi akijisomea tafsiri mwenyewe, lafudhi yake isikusumbue. Mara nyingi ndiyo iliyobaki na mwendo wa lugha ya kwanza.

SWALI: Tunaandaa usomaji wa namna hiyo. Mashairi mangapi yanatosha?

JIBU: Kwa dakika 20, matano mafupi. Shairi la mishororo 14 huchukua kama dakika moja. Lisome kwa lugha mbili, ongeza kimya na maneno machache ya utangulizi, utafika dakika nne. Lugha ya asili itangulie, kisha kimya cha kuvuta pumzi mbili, ndipo tafsiri. Anayesoma tafsiri asome kwa utulivu. Akiigiza, anaufunika ubeti uliotoka kusikika. Kila shairi likae ukurasa mmoja, la sivyo ukumbi mzima utageuza karatasi katikati ya mshororo. Kipaza sauti kiwe shubiri moja kutoka mdomoni, kimeinamishwa pembeni kidogo, ili herufi p na b zisipasuke.

Maswali yakifunguliwa, la kwanza lisiwe "kwa nini ulihama?" Swali hilo humtoa kwenye shairi na kumrudisha kwenye makaratasi ya uhamiaji. Mwombeni arudie mshororo mmoja kwa lugha yake, polepole, kisha aeleze neno lililomshinda kutafsiri.