Wasomaji Wanauliza: Bustani Kubwa za Burudani Ugenini

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Wasomaji wengi wanajiandaa kusafiri nje ya nchi, na katika ratiba zao wameweka angalau siku moja ya kwenda katika bustani kubwa za burudani, zile zenye rolakosta, magwaride, fataki na majengo ya hadithi za watoto. Nimechagua barua tano, na nimezijibu kwa urefu usiolingana kwa sababu uzito wa maswali yenyewe haulingani.

Swali: Mume wangu ana mkutano wa kikazi jijini Paris, nami nitafuatana naye pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka tisa. Tutabaki na siku mbili huru. Mume wangu anapendekeza siku ya kwanza tutembee mjini asubuhi kisha mchana twende Disneyland, na siku ya pili turudi huko kuiona bustani nyingine iliyo jirani. Je, mpango huu unafaa? (Mama wa Wawili)

Jibu: Dada mpendwa, ninakuomba mliache wazo la nusu siku. Disneyland Paris haimo jijini; iko Marne-la-Vallée, takriban kilomita 32 mashariki mwa Paris, na treni ya RER ya mstari A huchukua kama dakika 40 kutoka katikati ya jiji hadi stesheni ya Marne-la-Vallée–Chessy, ambayo iko hatua chache tu kutoka langoni. Safari yenyewe si ngumu hata kwa mgeni. Ubaya wake ni kwamba mkifika saa nane mchana mtakuwa mmekwisha kuikosa saa ya kwanza baada ya lango kufunguliwa, ambayo ndiyo saa yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa foleni bado ni fupi na watoto bado wana nguvu. Mtaingia wakati watu wamejaa, jua limechosha, na mtoto wa miaka mitano ameshatembezwa mjini tangu asubuhi. Na kwa hali hiyo mtalipa bei ya siku nzima ili mpate saa chache za kusimama.

Kuhusu bustani ya pili, ni kweli kwamba ziko mbili zilizopakana, moja ikiwa imefunguliwa tarehe 12 Aprili 1992 na nyingine mwaka 2002, na mtu huweza kutoka katika moja na kuingia katika nyingine kwa miguu. Ukaribu huo ndio unaowavuta wazazi wengi kununua tiketi ya bustani zote mbili. Kwa umri wa watoto wenu mimi ningechagua ile ya kwanza peke yake, tena kwa siku moja kamili, kuanzia lango linapofunguliwa hadi mtoto mdogo atakapoonyesha kwamba amechoka. Humo ndimo mlimo na michezo mingi isiyo na sharti la kimo, kama vile mashua zinazopita taratibu katikati ya vikaragosi wanaoimba, farasi wa kuzunguka, na safari ya Peter Pan inayopita juu ya taa za London. Siku ya pili iachwe kwa ajili ya jiji, kwa mwendo wa polepole, maana miguu ya watoto itakuwa inauma.

Jambo linalosahauliwa na wazazi wengi ni kuwapima watoto kimo kabla ya safari, wakiwa wamesimama wima ukutani. Katika bustani hiyo treni ya Big Thunder Mountain inamtaka mtoto awe amefika sentimeta 102, na Hyperspace Mountain inamtaka awe amefika sentimeta 120. Huenda mkubwa akaruhusiwa kote huku mdogo akiruhusiwa kwenye mmoja tu, au asiruhusiwe kwenye wowote. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kusimama karibu saa nzima na mwanangu katika bustani moja ya ugenini bila kusoma kibao kilichokuwa mwanzoni mwa foleni, na tulipofika mbele mhudumu alimpima, akatikisa kichwa, akatuonyesha mlango wa kutokea. Mhudumu alikuwa sahihi, kwa kuwa kile chuma cha kumshikilia abiria hutengenezwa kwa miili ya vipimo fulani, na mtoto mdogo anaweza kuchopoka. Hata hivyo, kilio cha mtoto yule kilitusindikiza mchana kutwa, na kingeepukika kwa futikamba na dakika mbili za maandalizi.

Mkubwa akiruhusiwa na mdogo akakataliwa, mwambieni mhudumu wa mlangoni kwamba mnaomba kupokezana. Utaratibu huu upo katika bustani nyingi kubwa: mzazi mmoja hupanda huku mwingine akibaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Lazima muombe kabla ya kuingia kwenye foleni.

Tiketi zinunuliwe mapema katika tovuti ya bustani yenyewe, kwa kuwa bei hubadilika kulingana na tarehe, na siku zenye watu wengi huwa ghali zaidi. Watoto wenu wote wawili watalipiwa tiketi ya mtoto, ambayo huko ni ya umri wa miaka 3 hadi 11. Na ikiwa mtaomba viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, mnajua kwamba mtatakiwa kuwa na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Someni maneno ya mkataba wake mwone kama ajali zinazotokea katika michezo ya burudani zimo au zimeondolewa.

Swali: Shikamoo. Sisi ni marafiki wanne, wote tuna zaidi ya miaka ishirini, na mwezi Agosti tutakwenda Orlando, Marekani, kwa siku tano. Tunataka kuziona bustani zote. Kila tunaposoma tunakuta habari za malipo ya ziada ya kuruka foleni, nayo ni makubwa. Je, tulipe? (Kijana Msafiri)

Jibu: Marahaba. Kabla ya kuzungumzia foleni, hesabu kwanza bustani zenyewe. Walt Disney World peke yake ina nne: Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Zimetawanyika katika eneo la takriban kilomita za mraba 100, kiasi kwamba kutoka moja hadi nyingine mtu hupanda basi, treni au boti. Kampuni ya Universal nayo ina tatu jijini humo, ya karibuni zaidi ikiwa Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025, achilia mbali bustani za maji. Siku tano haziwezi kumaliza saba. Chagueni tatu, au nne kama mna nguvu nyingi, kisha mbakize siku moja ya kulala na kufua.

Kuhusu malipo ya kuruka foleni, zamani jambo hili lilikuwa bure kwa Disney: mfumo ulioanza mwaka 1999 ulimpa kila mgeni karatasi yenye saa ya kurudi. Uliondolewa mwaka 2021, na huduma ya namna hiyo sasa hulipiwa. Wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuchagua nafasi zao siku saba kabla ya kufika, na wengine siku tatu kabla. Maoni yangu ni kwamba malipo hayo yana maana kwa familia yenye siku moja tu katika bustani iliyojaa, ambayo haitarudi tena. Ninyi ni watu wazima wanne wenye miguu mizuri, nanyi mna njia tatu zisizo na gharama. Ya kwanza ni kufika nusu saa kabla ya lango kufunguliwa. Ya pili ni kutumia foleni ya abiria mmoja mmoja pale inapopatikana, ambayo wahudumu huitumia kujazia viti vilivyobaki wazi. Mtaketi mbalimbali na watu msiowajua, lakini mara nyingi mtangoja muda mfupi zaidi. Ya tatu ni kupanda michezo mikubwa wakati wa gwaride na fataki, wakati umati umesimama barabarani ukitazama.

Agosti, hata hivyo, inanitia wasiwasi kuliko foleni. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na hata pasipokuwa na kimbunga, mchana wa kiangazi cha Florida huleta radi karibu kila siku. Radi ikikaribia, michezo yote ya nje husimamishwa hadi iondoke. Kwa hiyo fanyeni ya nje asubuhi, na mchana mjifungie katika maonyesho ya ndani. Mkumbuke pia kwamba Marekani bei inayotangazwa kwa kawaida haijajumuisha kodi ya mauzo, nayo huongezwa wakati wa kulipa, jambo linaloharibu bajeti za wageni wengi.

Swali: Mama yangu ana umri wa miaka 71, magoti yanamsumbua na anatumia dawa za moyo. Tunasafiri naye Ulaya ya kaskazini pamoja na wajukuu, na hataki kuachwa hotelini. Je, kuna bustani atakayoifurahia, au tunamtesa? (Binti wa Mwisho)

Jibu: Barua yako nimeisoma mara kadhaa, kwa sababu katika safari za aina hii mzee ndiye anayesahauliwa; hupewa mikoba ya wote aishike, akakalishwa kwenye benchi hadi jioni. Kama mwendo wa siku utafuata miguu yake, hata wajukuu hawatachoka sana.

Ningewaelekeza Tivoli, jijini Copenhagen. Bustani hiyo ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843, nayo iko katikati ya jiji, mkabala na stesheni kuu ya reli, hivyo mama akichoka hamna safari ndefu ya kurudi. Jambo linaloipendeza zaidi kwa hali yenu ni kwamba kiingilio na malipo ya michezo ni vitu viwili tofauti. Mama atalipia kuingia tu, akae penye maua, ziwa na taa za jioni, huku wajukuu wakinunuliwa tiketi za kupanda. Katika bustani nyingi kubwa za siku hizi asingepata nafuu hiyo. Angelipa bei kamili ili aketi. Angalieni tu tarehe, kwa kuwa haifunguliwi mwaka mzima bali kwa misimu. Kama mtapitia Uholanzi, Efteling iliyoko Kaatsheuvel, ambayo ilianza mwaka 1952, ina msitu wa hadithi ambao mtu hutembea akitazama, bila kurushwa wala kutikiswa.

Popote mtakapokwenda, vibao vilivyo mlangoni mwa michezo ya kasi huwaonya wenye maradhi ya moyo, mgongo na shingo pamoja na wajawazito, na maonyo hayo yafuatwe bila kubembelezana. Katika Ferrari World huko Abu Dhabi, kwa mfano, treni ya Formula Rossa hufikia kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, na abiria huvishwa miwani ya kukinga macho. Mwili wenye moyo dhaifu hauna sababu ya kujaribiwa namna hiyo. Muulizeni daktari wake kabla ya safari, mchukue dawa za siku chache zaidi ya zile za ratiba, na muombe kiti cha magurudumu hata kama nyumbani hakitumii. Kutembea kilomita 10 kwa siku katika bustani hizi si ajabu, na magoti yake hayatahimili.

Swali: Nitapita Tokyo kwa siku tatu. Je, Disneyland ya huko iko mbali na mji, na ni kweli kwamba ziko mbili? (Msomaji wa Miaka Mingi)

Jibu: Ni kweli. Licha ya jina lake, Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa tarehe 15 Aprili 1983, iko Urayasu katika mkoa wa Chiba, lakini ni karibu sana: treni ya mstari wa Keiyo kutoka stesheni ya Tokyo hadi Maihama huchukua kama dakika 15. Ya pili ni Tokyo DisneySea ya mwaka 2001. Ukiwa mtu mzima na una siku moja tu, nenda DisneySea, kwa sababu hakuna nyingine ya aina hiyo mahali popote duniani, na bandari zake zimejengwa kwa ustadi unaostahili kutazamwa hata bila kupanda chochote. Epuka wiki ya sikukuu za mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei. Nunua tiketi ya tarehe maalumu mapema, na utembee na pasipoti yako, kwa kuwa sheria ya Japani inamtaka mgeni wa muda mfupi awe nayo.

Swali: Ninaogopa kumpoteza mtoto katika umati, hasa penye lugha nisiyoijua. Nifanye nini? (Baba Mwenye Hofu)

Jibu: Ndugu yangu, hofu yako ni ya haki, na maandalizi yake hayachukui muda. Kila asubuhi, kabla ya kutoka hotelini, mpige mtoto picha ya mwili mzima, ili ukiulizwa alivaa nini umwonyeshe mhudumu simu badala ya kutafuta maneno. Andika namba yako ya simu, ikitanguliwa na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, kwa kalamu isiyofutika kwenye mkono wake chini ya kiwiko, au umvalishe bangili yenye namba hiyo. Hakikisha kwamba simu hiyo inapokea mawasiliano huko ugenini na kwamba umebeba betri ya akiba, kwa sababu programu za bustani, zinazoonyesha ramani na muda wa foleni, humaliza chaji kabla ya jioni.

Mkishaingia, mwonyeshe mtoto sare na kitambulisho cha kifuani cha wahudumu, umwambie kwamba akikukosa asitoke langoni wala asikutafute, bali amwendee mtu mwenye mavazi hayo. Wewe nawe mwulize mhudumu wa kwanza utakayekutana naye mahali ambapo watoto waliopotea hupelekwa, uende hadi hapo pamoja na mtoto, mpaone nyote wawili, ndipo mwanze foleni ya kwanza.