Viazi karai, bhajia na neno "compare"

SWALI: Nafundisha Gredi ya 5 huku Kisauni. Nina mwanafunzi aliyepimwa akaonekana ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno. Kwa Kiswahili anaeleza vizuri maji yanavyogeuka mvuke, lakini mtihani wa sayansi ukimwambia "compare" au "evaporate" anaacha pengo. Kila Jumatatu nawapa darasa maneno 20 wayanakili mara kumi kumi. Nakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, anza kwa kupunguza. Huyo mpe manne au matano kwa wiki. Kunakili nako kuache: nguvu zote humwishia kwenye herufi, maana asiipate. Nimewahi kushika daftari ambalo "evaporate" iliandikwa sawa mistari miwili, wa tatu herufi moja ikaruka, na kosa hilo likanakiliwa hadi chini. Ndilo alilolikariri.

Katika hayo manne, "compare" itangulie. "Evaporate" ni ya sayansi tu, ila "compare" atakutana nayo hata kwenye hesabu na somo la jamii, na kwa kuwa kila mwalimu hudhani mwenzake ameshaifundisha, haifundishwi na yeyote.

Mimi huifundisha kwa viazi karai na bhajia. Mtoto wa Mombasa hapo humwambii kitu! Kwanza kwa Kiswahili: vyote viazi, vyote vimepakwa unga vikakaangwa; lakini cha karai huchemshwa kwanza, cha bhajia hukatwa vipande vyembamba kikiwa kibichi. Akishamaliza ndipo nampa kiunzi, "Both are... but...", akijaze kwa mdomo. Kalamu baadaye. Kesho yake tunalinganisha feri na matatu, keshokutwa barafu na maji. Wiki inayofuata narudi tena, maana neno jipya husahaulika haraka lisiporudiwa.

"Evaporate" haina kazi kubwa: pitisha kitambaa chenye maji ubaoni, na kwa jua letu la Februari hamtangoja sana. Ikifika "evaporation", mkumbushe kwamba kutoka pika tunapata mpishi na upishi. Kiingereza nacho huunda maneno hivyo hivyo, ila hapa kinachoongezwa, "-ion", kimekaa mwishoni tu.

Na kama shuleni kwenu bado kuna kile kibao cha kumvisha anayesema Kiswahili kama adhabu, mwombe mwalimu mkuu kisimguse huyu. Mtihani wako mdogo wa Ijumaa msomee maswali, akujibu kwa mdomo, wewe uandike. Hapo utajua kama kinachomshinda ni neno lenyewe au ni kulisoma.