Muulize Shangazi: "Mwambie Nimelala"

Shangazi, shikamoo. Mimi nafanya kazi za ndani Dubai. Mwanangu wa kiume ana miaka minne, nilimwacha Tanga kwa mama yangu akiwa na mwaka na nusu. Kila usiku nikimaliza kazi nampigia kwa video, kwa BOTIM, maana huku simu za WhatsApp zimezuiwa. Zamani alikuwa anaibusu simu. Sasa hataki hata kusogea. Juzi nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia bibi yake, "Mwambie nimelala." Mama anamlazimisha, mtoto analia, nami nalia huku. Matumizi natuma, nguo natuma, sijamtupa mwanangu. Nifanyeje asinisahau?
Mama Mwenye Uchungu, Dubai

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mimi nimefundisha chekechea hapa Tanga mpaka nikastaafu, na barua yako imeniuma kwa sababu watoto wa umri huo nawajua. Huyo hajakusahau. Amechoka.

Tazama saa. Jikoni kwa watu hakufungwi mapema, kwa hiyo nadhani unashika simu yako kwenye saa nne usiku. Hapa Tanga ni saa tatu. Mtoto wa miaka minne saa hizo ameshakula, ameshaogeshwa, yuko mkekani macho mazito, halafu anainuliwa aje atazame mwanga wa simu. Aliposema amelala hakukosea sana.

Halafu yapo maswali. Umekula? Umekula nini? Umeoga? Unamsikiliza bibi? Unanipenda? Wazazi walio mbali karibu wote huuliza hivyo, na kwa mtoto huo ni mtihani wa kila siku. Watoto wadogo hawaongei kwa kukaa wakatazamana. Wanaongea huku mikono ina kazi: anasukuma gari lake la kopo, anachambua mchicha na bibi, na maneno yanatoka yenyewe. Kwenye simu anaambiwa akae, atulie, ajibu. Kamera nayo iko juu ya kioo, wewe unatazama sura yake iliyo chini, basi kwake unaonekana unaangalia kwingine. Mtandao ukivuta kidogo, yeye anajibu swali la kwanza wewe umeshafika la tatu. Mtu mzima huvumilia hayo, mtoto huondoka.

Lakini usikate tamaa na simu. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha kazi yao juu ya watoto wa miaka miwili hadi miwili na nusu. Watoto hao walijifunza maneno mapya kutoka kwa mtu aliyeongea nao kwa video moja kwa moja, karibu sawa na mtu aliyekaa nao chumbani. Kwa video iliyorekodiwa, isiyowajibu, hawakujifunza. Yaani kinachomfikia mtoto ni kuona kwamba alichokisema kimekufikia nawe.

Sasa fanya hivi. Acha kupiga usiku. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unapita huko, kwa hiyo ukimaliza kazi, jifunike shuka, mrekodie hadithi. Anza na "Paukwa!" kisha nyamaza kidogo, mwachie nafasi aseme "Pakawa!" Mpe sungura na fisi, zile ulizosimuliwa na mama yako huyo huyo anayemlea. Usiimalize. Katia pale fisi alipokwama, umuulize, "Unafikiri alitokaje?" Asubuhi, mtoto akinywa uji, bibi amfungulie asikilize, kisha ambonyezee kitufe naye ajibu kwa sauti yake. Usiku unaofuata anza na jawabu lake hilo, hata kama amesema fisi alipanda pikipiki. Basi fisi na apande pikipiki, hadithi iendelee.

Video iweke siku yako ya mapumziko. Sheria ya huko inampa mfanyakazi wa nyumbani siku moja kila wiki, idai kwa upole lakini idai. Piga mchana. Simu iegemezwe kwenye sufuria, yeye acheze, wewe songa nywele zako, mkae hivyo hata kimya. Akitoka nje kufukuza kuku, mwache atoke, usikate. Atarudi kuangalia kama bado upo.

Mama yako mpe salamu zangu na umwombe mambo mawili. Asimlazimishe tena. Na asiseme, "Njoo uongee na mama, ndiye anayekununulia nguo." Badala yake amtajie habari zako za utotoni, ulivyoogopa bahari, ulivyopenda mihogo ya kuchoma, ili uwe mtu mwenye hadithi ndani ya nyumba hiyo.

Sitakuficha: siku utakayorudi, huenda akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake. Usimvute. Keti chini, useme "Paukwa," usubiri.

Shangazi, kundi letu la ukoo la WhatsApp lina watu zaidi ya themanini. Baba mdogo kafiwa na mkewe Korogwe. Wote wameandika "pole" na kuweka viganja vya dua, michango imetumwa kwa simu, lakini matangani walifika wa kuhesabu. Nimeudhika. Nijitoe?
Kaka Mkubwa, Morogoro

Usijitoe, baba. Kundi hilo ndilo lililowafikishia habari siku hiyo hiyo, na michango imezika. Ila ukiwaandikia watu themanini kwa pamoja, kila mmoja anaamini mwenzake atakwenda. Wewe ndiye mkubwa, wapigie mmoja mmoja kwa jina: fulani akalale kwa baba mdogo wiki hii, fulani aende Jumamosi, fulani ampigie kila jioni, maana jioni ndipo nyumba ya mfiwa inapokuwa tupu. Ukipigiwa kwa jina ni vigumu kukataa.

Barua yako haikusema kama wewe mwenyewe umefika. Kama bado, ni Chalinze, Segera, Korogwe, ukiondoka alfajiri mchana uko kwake. Kaa naye angalau siku mbili.