Ukianza kusoma samurai, fuata mchele kabla ya upanga

Wengi mnaoanza historia ya Japani mnaingilia mlango wa panga. Nami niliingilia hapo hapo. Nilikariri vita vyote, kuanzia Dan-no-ura ya 1185 hadi Sekigahara ya 1600, lakini mwalimu aliponiuliza, "Hawa watu walilipwa nini, na nani?" nikanyamaza. Swali hilo ndilo lililonifungulia karne zote saba, na ndilo ninalowapa leo.

Anzeni Kamakura, mji ulioipa jina serikali ya kwanza ya wapiganaji. Minamoto no Yoritomo, aliyepewa mwaka 1192 cheo cha shoguni, yaani mtawala wa kijeshi, hakumng'oa mfalme kule Kyoto. Aliwapa wapiganaji wake madaraka juu ya mashamba: wakusanye kodi, walinde, wabakize fungu lao. Mpiganaji anatoa damu, bwana anatoa ardhi. Sasa Wamongolia wakaja 1274 na tena 1281, wakarudishwa baharini. Ushindi ule haukuleta hata shamba moja la kugawana.

Hapa msipite haraka. Mtazameni Takezaki Suenaga, samurai wa Higo katika kisiwa cha Kyushu. Alipigana 1274, hakupewa kitu. Mwaka uliofuata aliuza farasi na matandiko apate masurufu ya njiani, akaenda mpaka Kamakura kudai chake. Alipewa farasi na usimamizi wa shamba. Baadaye alichoresha picha za vita vile, na zipo hadi leo: farasi wake anavuja damu, bomu linapasuka hewani mbele yake. Humo humo amechorwa ameketi mbele ya ofisa, akidai malipo. Picha hiyo ya pili imenifundisha zaidi kuliko ile ya bomu. Waliorudi mikono mitupu walikuwa wengi, na kinyongo chao kilichangia kuiangusha Kamakura mwaka 1333.

Enzi ya Ashikaga, ukoo wa mashoguni waliofuata, isiwapotezee wiki nyingi mwanzoni. Shikeni vita vya Onin, 1467 hadi 1477, vilivyoacha kila bwana akijitawala, kisha amri ya 1588 ya Toyotomi Hideyoshi, bwana aliyeiunganisha tena Japani, ya kuwanyang'anya wakulima silaha. Amri hiyo tutairudia.

Muda wenu mwingi uwe kwa Tokugawa, ukoo wa mwisho wa mashoguni, kuanzia 1603, na kipimo kiitwacho koku: takriban kilo 150 za mchele, kadirio la chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Bwana aliitwa daimyo eneo lake likifikia koku 10,000. Amani ikadumu zaidi ya miaka 200, samurai akageuka karani mwenye panga mbili kiunoni. Alilipwa mchele, ilhali mahitaji ya Edo, mji wa shoguni (Tokyo ya leo), yalitaka fedha. Kwa hiyo madalali wa mtaa wa Asakusa, jirani na maghala ya shoguni, walimpokelea mchele, wakauuza, wakakata ujira wao, wakamkopesha kwa dhamana ya mgawo ujao. Maji yakazidi unga, kizazi baada ya kizazi.

Ndiyo maana nawasihi msiandike kwenye mtihani kwamba meli nne za Perry, kamanda wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1853, ndizo zilizouangusha utawala ule. Zilikuta nguzo zimeshaliwa na mchwa, na waliosukuma ukuta walikuwa samurai wenyewe, wa maeneo ya Satsuma na Choshu. Tokugawa Yoshinobu, shoguni wa mwisho, alirudisha madaraka kwa mfalme mwaka 1867.

Mwaka 1876 wanafunzi hukumbuka marufuku ya kubeba panga. Someni zaidi uamuzi wa pili wa mwaka huo: posho za samurai zilifutwa, wakapewa hati za dhamana za serikali. Mwaka mmoja baadaye Saigo Takamori, samurai wa Satsuma, aliongoza uasi wa huko, akafa kwenye kilima cha Shiroyama tarehe 24 Septemba 1877. Katika jeshi lililomshinda walikuwamo vijana walioandikishwa kwa sheria ya 1873, wengi wao watoto wa wakulima, wale ambao babu zao walinyang'anywa silaha mwaka 1588.